Aliyezama anahitaji hewa kwanza: tuache kumkandamiza kifua peke yake

#1 Nahodha_Mwalo
Wakuu, salaam.

Mabango na video nyingi za huduma ya kwanza zinazosambaa kwenye simu zinasema jambo moja: mtu akianguka, piga simu, weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na kwa kasi hadi msaada ufike, mambo ya mdomo kwa mdomo yaache. Kwa mzee aliyeanguka ghafla stendi ya mabasi, sawa. Kwa mtu aliyetolewa ziwani au baharini, hayo ni maelekezo ya ugonjwa mwingine.

Anayeanguka ghafla kwa moyo kusimama, damu yake bado ina oksijeni. Ukimkandamiza kifua unaisukuma ile damu ifike kwenye ubongo, na kwa dakika chache za mwanzo inatosha. Aliyezama ameimaliza oksijeni yote kabla moyo haujasimama. Ukimkandamiza bila kumpulizia, unazungusha damu tupu.

Hoja yangu: kwenye mialo ya wavuvi, visiwani na pwani nzima, CPR (kumpulizia hewa na kumkandamiza kifua aliyeacha kupumua) ifundishwe kwa kuanzia na pumzi. Swali langu: kwa nini tunafundishana ile ya kukandamiza tu? Na kwa wataalamu, za kuanzia ni pumzi mbili au tano?

#2 Zamu_ya_Usiku
Naunga mkono, ila tuweke sawa historia yake.

Zamani utaratibu ulikuwa njia ya hewa, kisha pumzi, kisha kifua. Mwaka 2010 miongozo ya Marekani ikageuza ikaanza na kifua, kwa sababu watu wazima wengi wanaoanguka kule ni wa moyo, na waokoaji walikuwa wanapoteza muda kuhangaika na kichwa na mdomo. Aliyezama hakuwa mlengwa wa mabadiliko yale, na waliofundishwa vizuri waliendelea kumwanzia na pumzi. Mwaka 2024 Wamarekani walitoa nyongeza maalumu kuhusu kuzama na kusisitiza kwamba CPR yake iwe na pumzi pamoja na kukandamiza, na aliyefunzwa aanze na pumzi.

Kuhusu idadi, Marekani wanasema mbili, Ulaya tano. Baada ya hapo wote wanafuata 30 kwa 2, yaani mikandamizo 30 kisha pumzi 2.

#3 Mkufunzi_HK
Nahodha, hoja yako ni ya kweli lakini hujamtazama mtu wa kawaida. Ukimwambia "lazima umpulizie mdomoni", wengi hawafanyi chochote. Wanasimama duara, mmoja anapiga picha, mwingine anatafuta gari. Ujumbe wa kukandamiza tu ulitungwa ili mtu asiyejua chochote afanye angalau kitu kimoja. Ukiuongezea masharti, hata hicho kimoja unakipoteza.

Kwa aliyezama, nusu ya huduma ni bora kuliko kutazama. Asiyetaka au asiyeweza kupulizia, akandamize.

#4 Nahodha_Mwalo
Mkufunzi, hapo tunakubaliana. Asiyeweza kupulizia akandamize. Ninachokataa ni kumfundisha mvuvi, nahodha na mlinzi wa ufuo somo lilelile la mtu wa ofisini. Hawa ndio wanaofika kwanza. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ziwani hali ni hiyo kila mara.

#5 Mkunga_Kisiwani
Hamjambo humu. Sisi wakunga jambo hili kwetu si geni. Mtoto akizaliwa hapumui, hatuanzi na kifua. Tunamkausha, tunamsisimua mgongoni, na asipolia tunampumulisha kwa begi na barakoa ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Ndiyo tunayoiita dakika ya dhahabu. Wengi huamka kwa hewa peke yake, mapigo yanapanda bila mtu kugusa kifua. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa 2013 ulionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimeshuka karibu nusu baada ya wahudumu kufunzwa hivyo.

Aliyezama anafanana na huyo mtoto. Pumzi husimama kwanza, moyo hufuata baadaye. Ukimwahi kabla moyo haujasimama kabisa, pumzi chache zinamrudisha.

#6 Pweza_Mwamba
Asanteni kwa elimu. Lakini mbona hamsemi habari ya kutoa maji kwanza? Unampulizia vipi mtu aliyejaa maji? Kwetu humlaza kifudifudi juu ya pipa au humwinamisha kichwa chini, tumbo linaminywa, na maji yanatoka kweli, ndoo nzima. Halafu anakohoa.

#7 Zamu_ya_Usiku
Pweza, maji yanayotoka pale ni ya tumboni, si ya mapafuni. Anayezama humeza maji mengi, lakini yanayoingia kwenye mapafu ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, maana koo hujifunga maji yanapoligusa. Hata hayo kidogo yanaharibu, kwa sababu yanausuuza utando laini unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Vikishanywea, damu inapita bila kukutana na hewa. Kwa hiyo tatizo la mapafu yake ni kunywea, na kinachoyafungua ni hewa ya kupulizwa. Kuyaning'iniza hakuyafungui.

Kuminya tumbo kuna madhara mawili. Kwanza muda: kila sekunde 30 za pipa ni sekunde 30 ubongo hauna oksijeni, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Pili matapishi: ukiminya, uchafu wa tumboni hupanda hadi kooni na kushukia mapafuni, asidi na chakula pamoja.

Anayekohoa juu ya pipa alikuwa bado anapumua. Angekohoa hata bila pipa.

#8 Pweza_Mwamba
Hapo kwenye mstari wa mwisho umenijibu. Na maji ya chumvi je? Tuliambiwa ya bahari yanaua tofauti na ya ziwa.

#9 Zamu_ya_Usiku
Ni nadharia ya zamani: maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaingia kwenye damu na kuipasua, ya chumvi yanavuta majimaji kutoka kwenye damu. Ilitokana na majaribio ya wanyama waliojazwa maji mengi kuliko anayoyavuta mtu. Kwa anayetolewa majini akiwa na uwezekano wa kupona, tofauti ni ndogo mno na huduma ni ileile.

Nyongeza: habari za watu walioamka baada ya muda mrefu chini ya maji ni za maji ya barafu, ambako mwili hupoa haraka na ubongo hutumia oksijeni kidogo. Ziwa Victoria na bahari yetu ni maji ya vuguvugu. Usihesabu baridi kama mshirika wako.

#10 Mkufunzi_HK
Kwa kuwa wengi wanasoma kimya, naweka hatua kwa mtu mzima aliyezama. Mtu mmoja atume mwenzake apige simu. Tanzania Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Ukiwa peke yako na simu inashika, iweke kwenye sauti ya juu chini pembeni yako, uendelee kufanya kazi.

Mlaze chali mahali pagumu. Ufukoni alale sambamba na mstari wa maji, kichwa na miguu usawa mmoja. Wengi humlaza kwa kufuata mteremko, kichwa upande wa maji, wakidhani yatatoka. Usifanye. Mchanga uliolowa na kushikamana ni bora kuliko ule mkavu unaotitia, ilimradi wimbi lisiwafikie.

Mwite, mtikise mabega. Hajibu? Weka mkono kwenye kipaji cha uso, kichwa kirudi nyuma, vidole viwili vya mkono mwingine vinyanyue mfupa wa kidevu. Usibonyeze nyama ya chini ya kidevu, ulimi utaziba njia ya hewa. Tazama kifua, sikiliza, hisi pumzi shavuni, usizidishe sekunde 10. Mdomo unaofunguka na kufunga polepole kama wa samaki aliyetupwa mtumbwini si kupumua. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika wakasema "bado anapumua, msubirini". Usisubiri.

Pumzi za mwanzo. Bana pua, funika mdomo wake wote kwa wako, pulizia kwa sekunde moja hadi uone kifua kikinyanyuka. Toa mdomo, kishuke, pulizia tena. Kiasi ni kama nusu lita, yaani pumzi yako ya kawaida. Kifua kisiponyanyuka, kirekebishe kichwa, hakikisha pua imebanwa, jaribu tena. Usizame kwenye majaribio mengi, endelea kifuani.

Kifua. Piga magoti karibu kabisa na mbavu zake. Kitako cha kiganja kimoja kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake, vidole viinuliwe visiguse mbavu. Viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya viganja, uzito ushuke kutoka kiunoni. Kina ni sentimita 5 hadi 6, takriban upana wa vidole vitatu. Kasi 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mkandamizo kiache kifua kirudi juu kabisa, usikiegemee, maana moyo hujaa damu kinaporudi. Mara 30, kisha pumzi 2, na pumzi hizo mbili zisikusimamishe zaidi ya sekunde 10.

Mbavu zikilia, kagua mikono iko mahali pake, uendelee. Kila dakika 2 au mizunguko 5 badilishaneni, hata kama unajiona bado una nguvu. Kina hupungua kabla hujahisi uchovu.

#11 Nahodha_Mwalo
Shukrani Mkufunzi. Naomba mtu azungumzie povu. Povu jeupe au la waridi linalotoka mdomoni na puani huwatisha watu, wanatumia dakika nzima kulifuta na shati.

#12 Zamu_ya_Usiku
Povu ni hewa, maji na ule utando wa mapafu vilivyochanganyika. Litaendelea kutoka kadiri unavyolifuta. Pulizia juu yake, uendelee. Kinachostahili kukusimamisha ni matapishi: mgeuze mwili mzima ubavu, fagia kwa kidole unachokiona tu, mrudishe chali. Usipeleke kidole kooni kutafuta usichokiona.

Na tarajia kutapika. Kwa aliyezama ni jambo la kawaida, hata ukifanya kila kitu sawasawa. Huongezeka ukipulizia kwa nguvu au haraka haraka, kwa sababu hewa hulifungua umio na kuingia tumboni. Ukiona tumbo linavimba na kifua hakinyanyuki, kichwa hakijakaa sawa au unapuliza kama unawasha jiko la mkaa.

#13 Ngoma_ya_Vanga
Wakuu, nina jambo kuhusu ile kasi ya 100 hadi 120. Tatizo letu liko kwenye kuhesabu kwa Kiswahili.

Moja hadi kumi kila namba ina silabi mbili au karibu na hapo: moja, mbili, tatu, nne. Inakwenda vizuri na mkono. Ukifika "kumi na moja" silabi zimekuwa tano, na "ishirini na tisa" zimekuwa saba. Kwa kasi ya 110 una sekunde 0.55 tu kwa kila mkandamizo. Mtu akitamka "ishirini na saba" kwa ukamilifu, mkono unausubiri mdomo. Anayeanza na kasi ya 115 utamkuta kwenye 80 akifika ishirini na kitu, na hajui.

Dawa yake: hesabu moja hadi kumi mara tatu. Msaidizi akunje kidole kila kumi.

#14 Mkufunzi_HK
Ngoma, hiyo ni nondo. Mazoezini huonekana wazi, wanafunzi hupungua kasi kwenye kumi la pili na la tatu. Wengi tulidhani ni uchovu.

#15 Kasia_Refu
Mimi nadhani uchovu ndio sababu kubwa zaidi, na namba zinaungana nao. Mtu akihesabu kimoyomoyo bila kutamka, bado hupungua. Jipimeni: mikandamizo 30 ichukue sekunde 15 hadi 18. Ikifika 22, umechelewa, iwe ni mdomo au ni mikono.

#16 Ngoma_ya_Vanga
Hata anayehesabu kimoyomoyo huzitamka silabi zote kichwani, Kasia. Jaribu kumi tatu kwanza halafu tuzungumze.

#17 Bandari_Kuu
Salaam kutoka Mombasa. Huku namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, nyingine ni 999 na 112.

Hebu mtueleze habari ya maambukizi. Vijana wa ufuoni wanaogopa UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Wengine huweka leso au khanga juu ya mdomo wa aliyezama. Yasaidia?

#18 Mkunga_Kisiwani
Kaka Bandari, virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate, na hakuna kisa kilichowahi kuthibitishwa cha mtu kuambukizwa kwa kumpulizia mwingine. Kifua kikuu na magonjwa mengine ya mfumo wa hewa ni hofu ya haki zaidi, ingawa hatari ya tukio moja ni ndogo. Damu mdomoni kwake na kidonda mdomoni kwako, hapo una haki ya kusita.

Leso haizuii majimaji. Ikishalowa inayapitisha, na inaongeza ugumu wa kupulizia hadi kifua kisinyanyuke. Kinachofaa ni barakoa ya mfukoni yenye vali ya njia moja: pumzi yako inaingia, yake haikurudii. Ukiikosa, ipo karatasi ya plastiki yenye vali katikati inayokunjwa hadi kutosha kwenye mkufu wa funguo.

#19 Bandari_Kuu
Shukrani dada. Na meno ya bandia?

#20 Mkunga_Kisiwani
Yaliyolegea toa. Yaliyoshika vizuri yaache, yanaupa mdomo umbo na hewa haivuji pembeni.

#21 Pweza_Mwamba
Swali dogo. Pumzi tunayotoa si hewa chafu? Inamsaidiaje?

#22 Zamu_ya_Usiku
Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21. Unayotoa bado ina kama 16 au 17. Mwili wako hutumia kidogo tu kwa kila pumzi. Iliyobaki inamtosha.

#23 Fundi_Historia
Nawapeleka pembeni kidogo, maana jambo hili lilizaliwa majini. Jumuiya ya kwanza ya kuwafufua waliozama ilianzishwa London mwaka 1774, na tangu mwanzo walihimiza kupulizia hewa. Walikuwa pia na mambo ya ajabu: kuviringisha mtu juu ya pipa na kumpuliza moshi wa tumbaku kwa nyuma. Pipa la Pweza lina umri wa zaidi ya karne mbili!

#24 Zamu_ya_Usiku
Marekebisho, Fundi. Ya kwanza ilikuwa Amsterdam, 1767, kwa sababu ya mifereji ya mji ule. London waliiga.

#25 Fundi_Historia
Umenisahihisha, ni kweli 1767. Basi niendelee. Kwa karne nzima baadaye watu walibuni njia za kukunja mikono na kubonyeza mgongo. Miaka ya 1950 ndipo madaktari Elam na Safar walipoonyesha kwamba mdomo kwa mdomo unaingiza hewa ya kutosha na zile za mikono haziingizi. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, Baltimore, wakachapisha habari ya kukandamiza kifua kutoka nje. Safar akaviunganisha viwili hivyo.

Na yule mwanasesere wa mazoezi mnayemwona kwenye mafunzo, Anne, alitengenezwa na Asmund Laerdal wa Norwei aliyekuwa mtengeneza vitu vya kuchezea watoto. Uso wake umetokana na sura ya msichana asiyejulikana, anayesimuliwa kwamba alitolewa mto Seine, Paris. Kila anayejifunza CPR anaupulizia uso wa mtu anayesemwa alizama. Halafu tunawafundisha watu wasipulizie.

#26 Mkufunzi_HK
Fundi, hoja yako ya mwisho imenigusa. Lakini kumbuka Anne mmoja hutumika na watu 30 darasani, na tangu Uviko mafunzo mengi yaliondoa pumzi kwa hofu ya maambukizi. Mengine hayakuzirudisha. Nadhani hii ni sababu kubwa kuliko mabadiliko ya 2010.

#27 Zamu_ya_Usiku
Au ni fedha. Kichwa cha mwanasesere chenye mapafu ya kubadilisha ni ghali. Kifua cha mazoezi unaweza kukitengeneza kwa chupa ya maji na mto.

#28 Nahodha_Mwalo
Au ni kwa sababu mabango yanatafsiriwa kutoka kwa watu ambao tatizo lao ni moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya kuzama duniani kuwa takriban 300,000 kwa mwaka 2021, na vingi ni vya nchi za kipato cha chini na cha kati. Bango la kwetu lingechorwa na mtu wa Ukerewe, mchoro wa kwanza ungekuwa kidevu kinanyanyuliwa.

#29 Mama_Lambo
Mnazungumzia ziwa na bahari, watoto wanazama kwenye malambo, visima, mashimo ya matofali na ndoo za kufulia. Kwa mtoto vipimo vinabadilika, mbona hamsemi?

#30 Mkunga_Kisiwani
Dada umefanya vema kutukumbusha.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja: kichwa kisirudishwe nyuma sana, kiwe kama ananusa. Ukikikunja mno, njia yake ya hewa ni laini na itajibana. Mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja. Pulizia hewa ya mashavuni tu, usitumie ya kifuani, mpaka kifua kinyanyuke. Kandamiza kwa vidole gumba viwili huku mikono imekizunguka kifua, kina kama sentimita 4, yaani theluthi moja ya kifua. Vile vidole viwili vya zamani haviifikishi hiyo theluthi kwa wengi, na Marekani wameacha kuvipendekeza mwaka 2025.

Mkubwa kidogo: mkono mmoja au miwili kulingana na mwili wake, kina kama sentimita 5. Ukiwa peke yako 30 kwa 2. Wahudumu wawili waliofunzwa, 15 kwa 2, kwa sababu mtoto anahitaji hewa zaidi.

Ukiwa peke yako na mtoto aliyezama na huna simu mkononi, mhudumie kwanza kama dakika 2, kisha ukimbilie msaada. Akiwa mdogo mbebe, mwende pamoja.

#31 Mama_Lambo
Asante mama. Na ndoo ni tatizo kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja kichwa ni kizito, akitumbukia hawezi kujigeuza. Ndoo imwagwe mara tu kazi inapoisha, kisima kiwe na kifuniko kinachofungwa.

#32 Kasia_Refu
Turudi majini. Nahodha ulisema mvuvi ndiye anayefika kwanza. Ndani ya mtumbwi CPR haiwezekani. Sakafu ni nyembamba, imepinda, kuna mataruma (zile mbavu za mtumbwi), na mkipiga magoti wote upande mmoja mnapinduka. Mimi nasema: mtoe majini, kimbiza nchi kavu, huduma ianze ufukoni.

#33 Nahodha_Mwalo
Kasia, dakika ngapi hadi ufukoni? Kama ni kilomita 3 kwa makasia, umefikisha maiti.

#34 Zamu_ya_Usiku
Hapa mtofautishe pumzi na kifua. Kukandamiza kifua mtu akiwa bado ndani ya maji hakufai kabisa, hakuna kinachomzuia kwa nyuma, na wote wawili mtazama. Pumzi majini zinawezekana kwa mwokoaji aliyefunzwa mwenye boya. Mwongozo wa Ulaya wa 2010 ulisema apewe pumzi 10 hadi 15 kwa dakika moja. Asipoanza kupumua na nchi kavu iko chini ya dakika 5, waendelee kumpulizia huku wanamvuta. Kama ni mbali zaidi, dakika moja nyingine ya pumzi, halafu waende moja kwa moja bila kusimama.

Kwenye mtumbwi pumzi ni rahisi kuliko hapo. Hazihitaji sakafu ngumu.

#35 Kasia_Refu
Pumzi nakubali. Kifua bado nakataa.

#36 Mkufunzi_HK
Kwenye nafasi nyembamba zipo njia mbili. Ya kwanza unapiga magoti nyuma ya kichwa chake, unainamia kifua kutoka juu ya uso, mtu mmoja anafanya yote mawili bila kuhama. Ya pili unampanda kwa kumtanulia miguu pande zote mbili, mwenzako anapulizia kichwani. Uzito wako unabaki katikati ya chombo, hakiyumbi.

Kosa kubwa la botini ni kumlaza juu ya rundo la nyavu. Ukisukuma sentimita 5, tatu zimeishia kwenye nyavu. Nyavu zisogezwe, alale kwenye mbao.

#37 Bandari_Kuu
Mashine ya kushtua moyo je? Baadhi ya hoteli za huku ufuoni zinayo.

#38 Zamu_ya_Usiku
Ikiwepo itumike, kifua kikaushwe kwanza ili zile pedi zishike. Lakini moyo wa aliyezama mara nyingi umesimama kwa kukosa hewa, si kwa ule mtetemo unaotibika kwa mshtuko, na mashine itasema "usishtue". Mtu asiache kupulizia akaikimbilie hotelini. Mwingine aende.

#39 Ngoma_ya_Vanga
Na shingo? Wengine hukataa kurudisha kichwa nyuma wakiogopa shingo imevunjika.

#40 Mkufunzi_HK
Majeraha ya shingo kwa waliozama ni nadra, chini ya mmoja katika mia. Yashuku kama alipiga mbizi kwenye kina kifupi au chombo kiligongana. Hata hapo, taya inyanyuliwe, na hewa isipopita kichwa kirudishwe. Hewa ni kwanza.

#41 Mama_Lambo
Akiamka?

#42 Zamu_ya_Usiku
Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Usimpe chai wala maziwa. Hospitali ni lazima, hata akisema yuko sawa. Mapafu yaliyoguswa na maji huweza kubadilika saa chache baadaye, na wengi huangaliwa kwa muda wa saa 4 hadi 8. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka, povu au kusinzia kusiko kwa kawaida ni dalili za kurudi haraka.

#43 Pweza_Mwamba
Na asipoamka, tuache lini? Hili watu wanaliogopa kuliko yote.

#44 Zamu_ya_Usiku
Msiache hadi aanze kupumua, mhudumu wa afya apokee, au mwili wenu ukatae. Kwa maji yetu ya vuguvugu, aliyekaa chini kabisa ya maji zaidi ya dakika 30 matumaini ni hafifu mno. Ila hesabu ya "amekaa muda gani" inayotolewa na umati ufukoni haiaminiki, na kuonekana mara ya mwisho si sawa na kuzama. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye kwa sababu alikuwa mahali palipobaki na hewa. Mkiwa na shaka, anzeni.

#45 Kasia_Refu
Mfano huo unasaidia hoja yangu pia. Hao wengine hawakukosa CPR, walikosa jaketi. Mnatumia nguvu nyingi kwenye kufufua.

#46 Nahodha_Mwalo
Jaketi ni kabla, pumzi ni baada. Mwalo unahitaji vyote, Kasia. Na bado hamjanijibu mbili au tano.

#47 Mkunga_Kisiwani
Tano. Pumzi za kwanza kwenye mapafu yaliyonywea mara nyingi hazifiki, zinafungua njia tu. Ya tatu na ya nne ndizo unaona kifua kimenyanyuka vizuri.

#48 Mkufunzi_HK
Mbili. Tano ni sekunde 10 au zaidi kwa mtu asiye na mazoezi, na kama moyo umesimama kifua kinasubiri. Tena mbili ndiyo namba atakayoirudia kila baada ya 30, hana la kukariri mara mbili.

#49 Zamu_ya_Usiku
Zote zina mwongozo nyuma yake. BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ichague moja, wote mwaloni wafanye hiyohiyo, maana mkibishana juu ya mtu aliyelala mmeshampotezea nusu dakika.

#50 Kasia_Refu
Nimefikiria ile sakafu ya mtumbwi. Kifuniko cha boksi la samaki, lile la mbao, kinatosha kuanzia mabega hadi kiunoni. Kikiwekwa juu ya mataruma kabla hajalazwa, mgongo unapata mahali pagumu. Ila asinyanyuliwe mara ya pili kwa ajili ya kukiweka, kitangulie.

#51 Nahodha_Mwalo
Kina upana gani? Kikizidi mataruma kitayumba.

#52 Kasia_Refu
Sentimita 45 kwa boksi za huku. Kesho nakipima kwenye mtumbwi wa futi 28 na ule wa 34, nitaweka vipimo hapa.